Mtaro wa Manispaa Uishie Bwawani, Usiishie Shambani Kwako

Leo naomba tuweke kando kantangaze na bei ya nyanya. Nataka tuongee maji, tena maji ya mji: yale yanayotoka bombani na yale yanayopita mtaroni mvua ikinyesha. Najua kuna watakaosema, "Bwana shamba, hayo si mambo ya manispaa?" Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ngoja niwasimulie ilinigharimu nini. Au niseme ukweli, ilimgharimu nani, maana mimi mshahara wangu uliingia kama kawaida.

Kwenye kata moja niliyowahi kufanya kazi, pembezoni mwa mji, kulikuwa na dada mmoja analima hoho. Nusu ekari, dripu safi, maji anavuta bombani kwa sababu kisima hana. Kijana makini kweli. Daftari la gharama analo, tarehe za dawa anaandika, mkopo wa kikundi analipa kwa wakati. Mwaka huo mtaa ulio juu ya shamba lake ulijengewa barabara ya lami na mtaro wa zege pembeni. Mtaro mzuri tu, ukiuona unasema sasa maendeleo yamefika. Ulishuka na mteremko mpaka kwenye ua wa shamba la yule dada, ukaishia hapo. Hela ya mradi iliishia pale, na mtaro nao ukaishia pale pale.

Masika yakaingia. Mvua ya usiku mmoja tu. Asubuhi akanipigia simu: "Bwana shamba, njoo uone." Nilipofika nilikuta korongo linanifika kiunoni katikati ya shamba. Mipira ya dripu imefukiwa na mchanga, chupa za plastiki zimetapakaa kila mahali, na miche aliyoihudumia kwa wiki tisa imelala chini ya tope. Hakulia. Aliniuliza swali moja: "Sasa nimlalamikie nani?"

Nilikosa jibu. Wa barabara walisema mtaro wao umekamilika kama mchoro ulivyoelekeza. Wa maji walisema wao wanahusika na maji ya bomba, ya mvua si yao. Wa kilimo ndiyo mimi, na mimi nilikuwa nimesimama pale na buti zangu namwambia pole.

Akapanda tena upande uliobaki. Ilipofika Oktoba, bomba likaanza mgao. Siku tatu hakuna tone, siku ya nne yanatoka usiku wa manane kwa saa mbili. Hoho zikadondosha maua. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja maji yalimpiga dada yule mara mbili: mara ya kwanza kwa kujaa, mara ya pili kwa kukosekana. Na yale aliyokuwa akiyalilia Oktoba ndiyo yale yaliyompita kwa kasi wakati wa masika, yakaenda zake mtoni na udongo wake.

Linaloniuma mpaka leo ni hili. Mradi wa ule mtaro ulipita kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, na mimi nilikuwemo kikaoni. Mchoro ulioneshwa ukutani. Sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa nasubiri ajenda yangu ya mbolea ya ruzuku.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja, na naiandika nikijua kwamba halmashauri ndiyo mwajiri wangu: maji ya mvua ya mjini ni mali, na mkulima ni sehemu ya mfumo wa maji wa mji, apende asipende. Mpaka manispaa ianze kuyahifadhi badala ya kuyatupa, na sisi wakulima tuanze kudai hivyo kwenye vikao, tutaendelea kupigwa masika na kiangazi.

Mji unaotupa na kutafuta kitu kile kile

Tuangalie Dar es Salaam, kwa sababu wengi wenu mazao mnapeleka huko. Desemba 2011 mvua ilishuka, Bonde la Msimbazi likafurika, makumi ya watu wakapoteza maisha na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imefungwa kwa maji mara nyingi, mpaka tumezoea. Halafu Oktoba 2022 jiji hilo hilo likaingia kwenye mgao mkali wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulipungua na mvua za vuli zilichelewa. Watu walinunua dumu kwa bei ya ajabu. Jiji moja, maji yanaua kwa wingi wake, na miaka mingine yanaadhimika kama dhahabu.

Wataalamu wana lugha ndefu ya kueleza hali hii, lakini mkulima anaielewa haraka. Ardhi yenye majani na miti inakunywa mvua. Maji yanazama polepole, yanalisha visima na chemchemi, kijito kinaendelea kutiririka hata Septemba. Ukifunika ardhi ile kwa mabati, lami na pevingi, mvua haina pa kuzama. Yote inakimbia juu juu, kwa pamoja, ndani ya dakika chache. Mji ukiona yamekuwa mengi unajenga mtaro mkubwa zaidi ili yaondoke haraka zaidi. Yakishafika baharini, mji unageuka na kwenda kutafuta maji mbali: unavuta Ruvu, unasafisha kwa dawa, unasukuma kwa umeme kilomita nyingi, unauza kwa mita. Yaani unalipa kutupa, halafu unalipa kutafuta.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu, maana nyie ni watu wa biashara. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Mvua moja ya milimita 30, ambayo masika si kitu cha ajabu, ikinyesha juu ya hekta moja ya mabati na lami ni lita 300,000. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayopotea, unabaki na lita 240,000. Hayo ni maboza 24 ya lita elfu kumi kumi. Mvua moja, hekta moja. Mtaa uliokuwa juu ya yule dada ulikuwa na hekta kadhaa. Wakati ule anampigia dereva wa boza amuombe apunguze bei kidogo, maboza yake mwenyewe yalishapita uani kwake miezi saba nyuma na kuondoka na shamba.

Mto ni mmoja, na mkulima yuko kila mahali

Sisi tuliopo Morogoro tunaishi kwenye kitabu cha mfano. Mvua inanyesha kwenye Milima ya Uluguru. Sehemu inashuka na Mto Ngerengere mpaka Bwawa la Mindu linalonywesha manispaa ya Morogoro. Ngerengere unaendelea, unaungana na Ruvu. Ruvu unafika mitambo ya Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo, na ndiko Dar es Salaam inakopata sehemu kubwa ya maji yake. Udongo unaosombwa kwenye shamba la maharage Mgeta au Matombo haupotei. Unakwenda kupunguza kina cha bwawa, au unakwenda kuchafua maji ambayo mtambo utatumia dawa nyingi zaidi kuyasafisha, na gharama hiyo inaishia kwenye bili.

Ndiyo maana kila maji yakipungua mjini, kidole kinanyooshwa kwa mkulima na mfugaji wa juu ya mto. Sitawatetea wote. Kuna wanaochepusha mto bila kibali, kuna wanaolima mpaka ukingoni wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Ukifanya hivyo umekosea, na mimi sikutetei. Lakini mji ukimkemea tu mkulima haupati maji zaidi, na historia ya mlima huu inatuonesha hivyo.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa amri. Lengo lilikuwa hilo hilo tunalosema leo, kuzuia mmomonyoko. Lakini kazi ilikuwa ngumu, matuta mengi yalileta juu udongo usio na rutuba, na mkulima hakuona faida mfukoni wala jikoni. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikatokea Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Mpango ukafa. Mvua ikaendelea kunyesha na udongo ukaendelea kushuka.

Nusu karne baadaye, kwenye milima hiyo hiyo, eneo la Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine. Wakulima walilipwa kwa kuchimba matuta na fanya juu, kupanda miti na kuacha nyasi. Waliochangia malipo walikuwa watumiaji wa maji wa chini: mamlaka iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, DAWASCO, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola. Malipo hayakuwa makubwa. Lakini safari hii watu walichimba kwa hiari, kazi ile ile ambayo babu zao waliipinga mpaka damu ikamwagika, kwa sababu kulikuwa na makubaliano na mtu alijua anapata nini.

Wenzetu wa Kenya waliliona hilo wakalifanyia kazi. Karibu maji yote ya Nairobi yanatoka Bonde la Tana, na mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji ambao unawasaidia wakulima wa juu kuchimba makinga maji, kupanda mistari ya majani ya tembo na kuchimba mabwawa madogo ya kuvunia mvua. Mkulima anapata malisho ya ng'ombe na maji ya kiangazi. Mji unapata mto wenye tope kidogo. Kila mmoja anajua kwa nini anashiriki.

"Bwana shamba, lakini Kidunda linakuja"

Hili nalisikia sana. Ndiyo, Bwawa la Kidunda limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190, na mimi nalisubiri kwa hamu kama wewe. Kiangazi kitakuwa na nafuu. Lakini bwawa kubwa halifanyi kazi ya mlima. Mlima ukibaki uchi, bwawa linajaa tope badala ya maji. Wenyeji wa Morogoro tumeona Mindu ikipungua kina kwa sababu hiyo, na Mindu haijafika hata miaka 50. Halafu Kidunda halitazuia mtaro wa mtaani kwako kumwaga maji shambani. Hayo ni maji mengine, yanataka kazi nyingine.

Hoja ya pili inatoka kwa wahandisi, na ina uzito. Wanasema kazi ya mtaro ni kuondoa maji haraka ili nyumba zisizame, na ukiyasimamisha njiani unaleta mbu na hatari kwa watoto. Ni kweli. Nyumba lazima zilindwe kwanza. Lakini mtaro unaondoa hatari kwa jirani wa juu na kuipeleka kwa jirani wa chini. Bwawa la kupokea maji, likichimbwa mahali sahihi, likazungushiwa ua na kuwekwa mlango wa kupitishia maji yanayozidi, linapunguza kasi kwa wote. Mbu wana dawa yao, weka perege, wanakula viluwiluwi na mwisho wa mwaka unavuna kitoweo. Ukosefu wa usimamizi ndio unaoleta mbu. Hata mtaro wa zege uliojaa chupa na taka una mbu, tena wengi kuliko bwawa.

Hoja ya tatu ni pesa. "Halmashauri haina bajeti." Sawa. Lakini ile barabara ilikuwa na bajeti, na mtaro ulikuwa na bajeti. Kilichokosekana ni mita arobaini za mwisho na shimo la kupokelea. Ukarabati wa korongo lile leo ni gharama kubwa kuliko shimo. Tena kwenye miji yetu karibu theluthi ya maji yanayozalishwa hupotea kwa mabomba yanayovuja, maunganisho ya wizi na mita mbovu. Kuziba bomba linalovuja ni chanzo kipya cha maji ambacho hakihitaji kuchimba bwawa wala kugombana na mkulima yeyote.

Ninachotaka manispaa ifanye

Sitaki orodha ndefu. Nataka mambo matatu.

Kwanza, usipitishwe mchoro wowote wa mtaro ambao hauoneshi unaishia wapi. Uishie kwenye bwawa la kupokea, kwenye ardhi oevu iliyotengwa, au kwenye kijito kilichoimarishwa ukingo. Ukiishia kwenye ua wa mtu, mradi haujakamilika, hata kama utepe umekatwa. Na mchoro ule apitishiwe afisa kilimo wa kata asaini, ili siku nyingine asikae kimya kikaoni kama nilivyokaa mimi.

Pili, majengo ya umma yafungwe gata na matanki. Shule yenye paa la mita za mraba 1,000, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka na ukitoa upotevu, inavuna kama lita 640,000. Leo maji hayo yanachimba msingi wa darasa, halafu watoto wanatumwa na madumu.

Tatu, sehemu ndogo ya bili ya maji irudi mlimani kwa utaratibu wa kudumu, usiokufa mfadhili akiondoka. Iwe imeandikwa kwenye bili, mtu aione: kiasi hiki kinakwenda kutunza chanzo. Mwananchi wa mjini akijua hela yake inachimba fanya juu Uluguru, ataanza kuuliza kazi imefikia wapi. Na mkulima akijua analipwa na mtu wa mjini, atajua maji yake yana mwenyewe huko chini.

Na wewe kijana, usisubiri

Sasa nakuja kwako. Wengi wenu mnamwagilia kwa maji ya bomba. Naelewa, ardhi ya karibu na mji ndiyo yenye soko. Lakini kibiashara hilo ni kosa. Unanunua maji yaliyotiwa dawa ili binadamu anywe, unayamwaga kwenye udongo, na siku mgao ukianza, wewe ndiye wa kwanza kukatwa na jirani ndiye wa kwanza kukulaumu. Mtaji wako wote umeufunga kwenye koki ambayo mwenye uamuzi nayo ni mtu mwingine.

Piga hesabu ya paa lako. Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30 kina mita za mraba 240. Mvua ya milimita 800, ukivuna asilimia 80, ni lita 153,600 kwa mwaka. Ndani umepanda miche 600, kila mmoja anakunywa lita moja na nusu kwa siku kwa dripu. Hiyo ni lita 900 kwa siku, lita 90,000 kwa siku 100. Kwa maneno mengine, paa la kitalu linavuna zaidi ya zao zima la msimu mmoja, na wewe unaliacha limwagike na kuozesha nguzo.

Tatizo ni pa kuyaweka. Bwawa la mita 10 kwa 10 juu, mita 6 kwa 6 chini, kina mita 2, linabeba lita 130,000 hivi. Ukuta uwe na mteremko, usichimbe wima utaporomoka. Tandika plastiki nzito ya mabwawa, si turubai la mazishini. Kabla maji hayajaingia, chimba shimo dogo la kunasa tope ulisafishe kila baada ya mvua kubwa. Na funika. Jua letu linakunywa kama milimita 5 kwa siku, bwawa hilo likiwa wazi linapoteza lita 500 kila siku, lita 50,000 kwa siku 100. Neti ya kivuli juu ya waya inapunguza sana hasara hiyo. Zungushia uzio siku hiyo hiyo unayomaliza kuchimba. Usiseme kesho. Mtoto haogopi maji.

Angalizo la afya. Maji ya paa yanafaa kwa mboga. Maji ya mtaro wa mjini ni kitu kingine, yana oili ya magari, yana vyoo vilivyofurika, yana mengi. Usinyunyizie mchicha, kachumbari wala kitu chochote kinacholiwa kibichi. Yakitulia bwawani yatumie kwa migomba, miti ya matunda, majani ya ng'ombe au bustani ya miche ya miti. Soko unalolijenga kwa miaka mitano linaweza kufa kwa mteja mmoja kuumwa tumbo.

Na ukitaka kuzuia kijito au kuvuta mtoni kwa pampu, kachukue kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kwa sisi wa huku ni Wami/Ruvu, ofisi iko Morogoro mjini. Siku mto ukipungua, mwenye karatasi anaitwa kwenye meza ya mazungumzo. Asiye nayo anang'olewa pampu.

Kuhusu mtaji, vikundi vya vijana vina haki ya kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Andiko la bwawa la pamoja lenye hesabu kama hizi linasomeka vizuri kuliko andiko la kumi na moja la kuku wa mayai.

Swali moja tu

Baada ya ile habari ya hoho, nilihamishiwa kata nyingine. Mwaka jana ukaja mchoro wa mtaro kwenye kikao. Safari hii nilinyoosha mkono kabla hata mwenyekiti hajamaliza. Nikauliza: "Samahani, huu unaishia wapi?" Pakawa kimya kidogo. Mhandisi akaangalia karatasi yake, akasema kwa uungwana, "Hapo hatukupaangalia, afisa." Diwani akacheka, akasema bwana shamba sasa anataka kuwa injinia. Lakini mchoro ulirudishwa, na uliporudi ulikuwa na bwawa la kupokea chini ya shule. Bwawa bado halijachimbwa, sitawadanganya. Lipo kwenye karatasi na tunalifuatilia kila robo mwaka.

Yule dada aliacha hoho. Siku hizi anauza vocha na vipodozi mjini, na ana akili nyingi mno kwa kazi ile. Nilipokutana naye stendi alinisalimia vizuri, "Shikamoo bwana shamba," akaniuliza habari za kazi. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Vijana, vikao vya mtaa vya kupanga bajeti viko wazi kwenu. Huwa nawaona wazee watatu na mwenyekiti. Nyie ndio mna mashamba chini ya mitaro, nyie ndio mna mikopo, nyie ndio mtakaokuwa hapa miaka thelathini ijayo. Nendeni mkakae kiti cha mbele. Mchoro ukiwekwa ukutani, muulize swali lile moja ambalo mimi nilichelewa kuliuliza.

Kazi njema shambani, na masika yakukute umechimba.